Miezi 23 ya Kungoja

Jumatano tarehe 9 Februari 2011, saa moja usiku kwa saa za New York, mtu aliyeingia Google kutafuta begi la Samsonite la kupanda nalo ndege alioneshwa kwanza duka la J. C. Penney, juu ya Samsonite wenyewe. Saa tatu usiku duka hilo lilikuwa limeporomoka hadi nafasi ya 71. Aliyetafuta fanicha za sebuleni saa moja alilikuta la kwanza; saa tatu lilikuwa la 68. Katika zile saa mbili hakuna ghala lililoungua wala bei iliyopanda. Mabegi yalikuwepo na makochi yalikuwepo. Kilichotokea ni kwamba wafanyakazi wa Google walikuwa wameamua kuwa duka hili limepata nafasi yake kwa hila, wakalishusha kwa mkono.

Penney haikuwa kibanda. Ilianza mwaka 1902 katika mji mdogo wa Kemmerer, Wyoming, na kufikia mwaka 2011 ilikuwa na maduka zaidi ya 1,100. David Segal, mwandishi wa The New York Times, ndiye aliyeuliza imekuwaje duka moja liwe la kwanza kwa magauni, la kwanza kwa matandiko, la kwanza kwa mazulia, tena kwa miezi mfululizo, msimu wa Krismasi ukiwemo. Mtaalamu aliyeombwa na gazeti hilo achunguze alikuta kurasa 2,015 zenye viungo vya kuelekea Penney. Vilikuwa vimepandikizwa kwenye tovuti za mbwa, za uvuvi, za watu wanaokoroma, za meno. Nyingine zilikuwa mahame, hazina kitu ila orodha ya viungo. Penney ilisema haikuagiza kazi hiyo, ikaachana na kampuni iliyokuwa ikiishauri. Tarehe 1 Februari, wastani wa nafasi yake kwa maneno 59 ya utafutaji ulikuwa 1.3. Tarehe 10 ulikuwa 52.

Adhabu ilidumu siku 90. Namwomba msomaji aishike namba hiyo, kwa sababu habari ninayoisimulia ni ya adhabu, na katika adhabu muda una uzito sawa na kosa.

Mambo haya yalianza kabla Google haijakuwepo. Injini za utafutaji za kwanza, kama AltaVista iliyofunguliwa Desemba 1995, zilitegemea zaidi maneno yaliyoandikwa kwenye ukurasa wenyewe. Ukurasa uliotaja viatu mara nyingi ulihesabiwa kuwa ni wa viatu. Wauzaji wa mtandaoni hawakuchelewa kulijua hilo. Waliandika neno lilelile mara mia chini ya ukurasa, kwa herufi nyeupe juu ya weupe, ili mteja asione kitu na mashine isome yote.

Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Stanford, waliliendea suala hili kwa njia nyingine. Walitazama jinsi wanazuoni wanavyonukuana: kitabu kinachotajwa na wengi wenye sifa ndicho chenye uzito. Hivyo kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine wakakichukua kama ushahidi, mtu amesimama na kusema huyu namfahamu. Na ushahidi wa mwenye heshima ukazidi ule wa mpita njia. Kipimo hicho wakakiita PageRank, na mwaka 1998 wakafungua kampuni. Kwa miaka michache ilionekana kama dawa imepatikana, kwani mtu anaweza kujisifu apendavyo lakini hawezi kuwalazimisha wengine wamsifu.

Anaweza kuwalipa, hata hivyo. Desemba 2000 Google ilitoa kibao cha kuweka juu ya kivinjari, na ndani yake kulikuwa na mstari mdogo wa kijani ulioonesha alama ya kila ukurasa, kuanzia 0 hadi 10. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika historia hii, na halikufanywa na wauzaji. Ushahidi ukishapewa namba mbele ya watu, umeshapata bei. Mwenye tovuti ya alama 7 alijua ana mali mkononi, na mwenye alama 2 alijua anachohitaji kununua.

Miongoni mwa wa kwanza kuadhibiwa hadharani kwa biashara hiyo alikuwa Bob Massa wa Oklahoma, mwenye kampuni ya SearchKing. Mwaka 2002 alianzisha udalali wa kuwauzia watangazaji viungo kwa kufuata alama hizo za PageRank. Muda si mrefu alama ya tovuti yake ikashuka kutoka 8 hadi 4, naye akaishtaki Google mwezi Oktoba. Mei 2003 mahakama ya shirikisho iliitupa kesi. Jaji alisema alama ile ni maoni ya kampuni, na maoni yanalindwa na Katiba ya Marekani. Mwaka 2006 KinderStart, tovuti ya wazazi wa watoto wadogo huko California, nayo ilipeleka malalamiko yake mahakamani, na mwaka 2007 ikashindwa. Kuanzia hapo kila muuzaji wa mtandaoni alijua kwamba akishushwa hana wa kumlilia ila yuleyule aliyemshusha.

Lakini mwaka uleule wa hukumu ya SearchKing ilikuwa imeshakuja Florida. Hilo ndilo jina wauzaji waliloyapa mabadiliko ya Google yaliyoanza tarehe 16 Novemba 2003, siku 11 kabla ya sikukuu ya Thanksgiving, ambayo kwa mwenye duka Marekani ndiyo mwanzo wa mavuno. Wenye maduka madogo walikuwa wameshanunua mzigo wa Krismasi, wengine kwa mkopo, wakitegemea wageni walewale waliozoea kuletewa na Google kila siku bila malipo. Walipoamka, wageni hawapo. Kurasa zilizoumia zaidi zilifanana kwa jambo moja: maneno ya biashara yaleyale yamewekwa kwenye anwani, kwenye kichwa cha habari, kwenye aya ya kwanza, na kwenye kila kiungo kilichoelekea hapo. Hakuna barua waliyopata. Hakuna kifungu walichooneshwa kwamba ndicho walichovunja. Wengi walishuku kwamba Google ilitaka kuwasukuma wanunue matangazo. Ushahidi wa hilo haukutolewa, ila shuku hiyo haikuwahi kufa, na mtu akiinyamazia familia iliyokwama na maboksi gereji nzima, asishangae ikitafuta maelezo yake yenyewe.

Februari 2006 ilikuwa zamu ya BMW ya Ujerumani. Tovuti yake ilikuwa na kurasa zilizojazwa neno la Kijerumani la magari yaliyotumika, kwa ajili ya mashine tu. Mtu akibonyeza alipelekwa ukurasa mwingine wenye picha nzuri. Matt Cutts, mhandisi aliyeongoza kitengo cha Google cha kupambana na taka, aliitangaza adhabu hiyo kwa jina. BMW ilifutwa kwenye orodha, ikazitoa kurasa zile, na baada ya siku chache ikarudishwa.

Mwaka 2011 ndio uliotufikia sisi. Nasema sisi kwa sababu watu wengi husimulia mambo haya kana kwamba yaliishia California na New York. Julai 2009, kebo ya SEACOM ilipoanza kufanya kazi, intaneti ya Kenya iliacha kutegemea setilaiti, na vijana wa vyuoni na waliomaliza bila ajira wakaanza kuandika makala kwa wateja wa ng'ambo. Nilikuwa mmoja wao. Nilifanya kazi katika saiba moja, duka la intaneti katikati ya Nairobi, chini ya mwenye akaunti. Yeye ndiye aliyekuwa na jina kwenye soko la kazi. Alitugawia, akakata chake, akatutumia kilichobaki kwa M-Pesa. Mteja mwenyewe hatukumjua.

Nakumbuka maagizo ya mteja mmoja, fundi wa boila za kupasha nyumba joto huko Leeds, Uingereza. Makala iwe na maneno 400. Maneno ya utafutaji, yaani kufunga boila na jina la mji, yatokee mara nane, mara moja katika sentensi ya kwanza na mara moja katika ya mwisho, na mara mbili yawe kiungo cha kwenda kwake. Nilipomaliza nilirudi kuizungusha: kila baada ya maneno machache nilifungua mabano, nikaandika maneno matatu yenye maana moja, nikafunga, ili programu iokote moja na kutoa makala 50 zisizofanana kutoka ile moja. Makala hizo zilisambazwa kwenye tovuti ambazo hakuna mtu aliyezisoma. Tuliambiwa hiyo ndiyo njia ya kawaida ya kujitangaza mtandaoni. Hatukuwa na sababu ya kutoamini. Malipo yalikuwa yakiingia.

Tarehe 24 Februari 2011, wiki mbili baada ya usiku wa Penney, Google ilitangaza mabadiliko yaliyokuja kuitwa Panda, kwa jina la mhandisi wao Navneet Panda. Yalilenga tovuti zilizojaza makala nyepesi kwa wingi, na yaligusa asilimia 11.8 ya utafutaji wote Marekani. Mwezi mmoja tu nyuma Demand Media, kampuni iliyowalipa waandishi kiasi cha dola 15 kwa makala, ilikuwa imeingia soko la hisa na kuwa na thamani kubwa kuliko kampuni ya The New York Times. Thamani hiyo haikudumu. Mahalo, tovuti nyingine ya maelezo mafupimafupi, ilipunguza asilimia 10 ya wafanyakazi wake. Kwetu saiba habari ilikuja bila jina la Panda: mwenye akaunti alisema kazi zimepungua, na wiki iliyofuata zikapungua tena.

Lakini Panda ilipima makala. Pigo la wauzaji waliojitia nakshi kupita kiasi lilikuwa bado njiani. Machi 2012, kwenye mkutano wa Austin, Texas, Matt Cutts alisema kwamba wahandisi wanatengeneza kitu cha kuwasawazishia uwanja wenye tovuti nzuri wasiojua ufundi huu, dhidi ya wale waliouzidisha. Mwezi huohuo mtandao mmoja mkubwa wa blogu za kuuzia viungo ulifungwa baada ya Google kuzifuta blogu zake. Tarehe 24 Aprili mabadiliko yakatoka. Baada ya siku chache yakapewa jina, Penguin. Cutts alitoa mfano wa kazi iliyolengwa: makala ya mazoezi ya mwili ambayo katikati yake, bila uhusiano wowote, kulikuwa na viungo vya mikopo ya haraka. Niliposoma mfano ule niliona mkono wangu.

Kompyuta ilijuaje? Fikiria jinsi watu wanavyotajana kwa kawaida. Anayempenda fundi fulani ataandika jina la fundi, au anwani yake, au atasema tu bonyeza hapa. Kila mtu ataandika lake. Ikitokea viungo 1,000 kutoka tovuti 1,000, na 800 kati yake vinasema kufunga boila Leeds neno kwa neno, basi hao mashahidi wamefundishwa la kusema. Hiyo ndiyo alama iliyowafichua. Kile kilichokuwa kikiwapandisha mpaka Machi ndicho kilichowazamisha Aprili. Google ilisema asilimia 3.1 ya utafutaji wa Kiingereza imeguswa, kiasi kinachosikika kidogo mpaka ukumbuke kuwa ndani ya asilimia hiyo kulikuwa na maduka, mishahara na kodi za nyumba.

Sitetei viungo vile. Vilichafua mtandao, na aliyetafuta fundi mzuri alistahili kupata fundi mzuri, asipewe yule mwenye makala nyingi. Ninachokilalamikia ni namna mlango wa kutokea ulivyojengwa.

Adhabu zilikuwa za aina mbili. Ile ya mkono, aliyopata Penney, iliamuliwa na mtu na kuondolewa na mtu. Mwenye tovuti aliandikiwa ujumbe, alisafisha, aliandika ombi la kuangaliwa upya, na akikubaliwa alirudi. Penguin haikuwa hivyo. Ilikuwa hesabu iliyopigwa kwa pamoja kwa mtandao mzima, kisha ikaachwa mpaka siku wahandisi watakapoipiga tena. Hapakuwa na ujumbe wala ombi. Mtu angeweza kuondoa kiungo kibaya cha mwisho leo asubuhi na bado akabaki na hatia mpaka hesabu ijayo. Nayo ilipigwa Mei 2012, Oktoba 2012, Mei 2013, Oktoba 2013.

Kuanzia tarehe 16 Oktoba 2012 Google ilitoa zana ya kukana viungo. Ni faili la maandishi matupu. Mstari wa kukana tovuti nzima unaanza na neno domain, nukta mbili, kisha jina la tovuti ambayo mwenye faili anasema ushahidi wake usihesabiwe. Mstari ukianza na alama ya reli (#) mashine inauruka. Huo ni wa binadamu, wa kuandika maelezo.

Kwa zana hiyo ikazaliwa kazi mpya. Mwaka 2013 mwenye akaunti aliniletea lahajedwali lenye mistari zaidi ya 6,000. Kila mstari ulikuwa kiungo kimoja: anwani ya ukurasa, maneno ya kiungo, barua pepe ya mwenye tovuti, tarehe ya kumwandikia, jibu lake. Nilikuwa nimeteremka mistari kama 30 hivi nilipolitambua jina la Leeds. Nilifungua ukurasa wa kwanza, nikasoma aya mbili, nikajua ni makala yangu, imezungushwa mpaka sentensi zake zimekosa maana. Nililipwa kuipandikiza, sasa nilikuwa nalipwa kuomba iondolewe.

Barua niliiandika kwa heshima, ikifanana kwa wote: tafadhali ondoa kiungo hiki, biashara ya mteja wangu imeumia. Wengi hawakujibu. Baadhi ya anwani zilikuwa zimekufa. Wengine walijibu kwamba wataondoa kwa malipo, dola kadhaa kwa kila kiungo, na baadhi yao ndio waliolipwa kukiweka. Wapo waliouliza kama mteja wangu ana uhakika si mshindani aliyempandia. Wakati huo hofu ya kupandiwa viungo vibaya na adui ilikuwa imeenea, kwani ikiwa kiungo kinaweza kuua, yeyote anaweza kukielekeza kwa jirani. Kwa kila aliyenyamaza niliandika mstari katika faili, na juu yake mstari wa alama ya reli: tumemwandikia mara tatu, hajajibu.

Wakati sisi tukiandika barua hizo, wakubwa walikuwa wakiadhibiwa na kurudi. Februari 2013 Interflora ya Uingereza, wauza maua, ilishushwa kwa sababu ya makala za kulipiwa kwenye magazeti ya mikoani. Baada ya siku 11 ilikuwa imerudi, Siku ya Akina Mama haijafika. Rap Genius, tovuti ya mashairi ya nyimbo, ilishushwa siku ya Krismasi 2013 kwa kuwaahidi wanablogu kutajwa wakiweka viungo vyake. Tarehe 4 Januari ikarudi, siku 10. Lazima niseme pia kwamba Google ilijihukumu yenyewe: Januari 2012 iliushusha ukurasa wa kivinjari chake cha Chrome kwa siku zisizopungua 60, baada ya wakala kulipia makala za kuusifu. Hilo lilikuwa jambo la haki. Lakini Chrome, kama BMW na kama Penney, ilijua kosa lake na ilikuwa na mtu wa kumwandikia.

Fundi wa Leeds hakuwa na mtu. Tarehe 17 Oktoba 2014, baada ya mwaka mzima wa ukimya, hesabu ya Penguin ilipigwa tena, na tovuti yake haikunyanyuka. Faili letu la kwanza lilikuwa limeacha viungo vingi. Tulianza upya, safari hii bila huruma, tukakana hata tovuti zilizokuwa na mashaka kidogo tu. Novemba faili la pili likapelekwa. Tulichelewa kwa wiki tano. Mteja wetu alimwambia mwenye akaunti kwamba amebaki na fundi mmoja kati ya wanne, na kwamba atasubiri hesabu ijayo, bila shaka ni miezi michache.

Ilikuja tarehe 23 Septemba 2016. Kati ya Oktoba ile na Septemba hii ni miezi 23. Mwaka 2015 wote ulipita Google ikisema kazi inaendelea. Watu waliokuwa wamesafisha kila kitu walibaki chini pamoja na waliokuwa hawajasafisha chochote, kwa sababu mashine ilikuwa bado inawahukumu kwa picha yao ya zamani. Wengine walitupa tovuti zao na kuanza na jina jipya, wakiacha miaka ya kazi na wateja waliolizoea jina lile. Mshauri mwaminifu hakuwa na tarehe ya kumpa mteja, na mteja asiyepewa tarehe huacha kumlipa mshauri.

Mabadiliko ya Septemba 2016 yalikuwa mazuri, na inauma kwamba yangeweza kuwa hivyo tangu mwanzo. Penguin ikawa inahesabu muda wote, ukurasa kwa ukurasa, kila mashine inapoupitia. Na badala ya kuizamisha tovuti nzima, ikawa inakipuuza tu kiungo kibaya, kama hakimu anayemwambia shahidi wa kununuliwa aketi chini. Mwaka huohuo Google ilikuwa imeuondoa ule mstari wa kijani na alama zake kwenye kibao. Ulikuwa umekaa mbele ya macho ya watu zaidi ya miaka 15.

Asubuhi niliposoma tangazo hilo nilifungua anwani ya tovuti ya Leeds. Jina lilikuwa linauzwa. Faili la pili bado ninalo. Kati ya mistari yake, 212 inaanza na alama ya reli, kila mmoja ukiwa na tarehe tatu za barua ambazo hazikujibiwa.